Mume Wangu Ameondolewa Kazini kwa Cheti cha Binamu Yake

*Swali:* Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mume wangu alikuwa dereva wa halmashauri tangu 2011. Wiki tano zilizopita alipewa barua ya kufukuzwa kazi. Cheti cha kidato cha nne alichoajiriwa nacho kumbe ni cha binamu yake, na jina pia ni la binamu. Mimi nilikuwa sijui, na jina hilo ndilo wanalotumia watoto wetu shuleni. Tangu siku hiyo anaamka, anavaa, anatoka saa kumi na mbili na nusu, anarudi jioni kama mtu aliyetoka kazini. Watoto hawajui, majirani hawajui, na mama yake kijijini bado anasubiri pesa ya mwisho wa mwezi. Tuna mkopo wa benki na tumepanga nyumba. Mimi nauza vitenge na nina genge dogo la mboga. Usiku hatuongei. Nina hasira naye mpaka najiogopa. Niendelee kumfichia? Na je, nakosea kumkasirikia mtu aliyekwisha kuanguka?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile lenye haraka, kisha tuje kwenye moyo wako.

Mtumishi wa umma asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka yake ya nidhamu ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Wewe umeniandikia wiki ya tano. Itoe hiyo barua ilipo leo hii, tazama tarehe iliyoandikwa juu, uhesabu kuanzia hapo. Sisemi lazima akate rufaa. Kama alikitumia cheti hicho akijua si chake, sitaki umsukume akasimame mbele ya Tume na uongo wa pili. Ninachotaka ni barua isomwe na mtu anayejua sheria kabla siku hazijakwisha: kiongozi wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kama alikuwa mwanachama, wakili, au msaidizi wa kisheria wa hapo wilayani. Kutumia cheti cha mtu mwingine na kujiita jina lake kunaweza kufikishwa mahakamani pia, kwa hiyo asiandike maelezo wala asisaini karatasi yoyote mpaka amekaa na mtu wa namna hiyo.

Sasa nikueleze mlipofikia, maana nahisi umelipokea jambo hili kama aibu ya nyumba yenu peke yenu. Serikali iliweka sharti kwamba kuanzia tarehe 20 Mei 2004 anayeajiriwa katika utumishi wa umma awe na elimu ya kidato cha nne. Kabla ya hapo dereva, mhudumu wa ofisi au mlinzi aliingia na cheti cha darasa la saba na leseni au ujuzi wake. Baada ya tarehe hiyo, kijana aliyejua gari kuliko wote pale mtaani lakini hakufika sekondari alikuta mlango umefungwa. Ndipo vyeti vya kaka, binamu na marehemu vilipoanza kutembea ndani ya koo. Simtetei mumeo. Kuna kijana mwingine aliyesoma kwa shida, mwenye cheti chake halali, aliyekosa nafasi ile mwaka 2011. Lakini ujue ni mkondo gani uliombeba.

Kwa wengi mkondo huo ulifika mwisho tarehe 28 Aprili 2017 pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri wa Utumishi Angellah Kairuki alipomkabidhi Rais Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Mishahara yao ikasimamishwa mwezi uleule, wakapewa hadi tarehe 15 Mei wawe wameondoka wenyewe au wakutane na sheria. Majina yakasambaa magazetini na kwenye simu. Wapo waliokata rufaa wakaonekana hawana kosa, wakarudi. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza warejeshwe wale wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 na ambao hawakughushi kitu. Waliobaki walirudi nyumbani, na nyumbani kwenyewe wengi walikuwa na mke au mume ambaye, kama wewe, alikuwa akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Nimekaa na familia kadhaa za namna hiyo, wakati ule na baadaye. Ninachokiamini kutokana na kukaa nao ni hiki: mshahara ukikatika nyumba inayumba, lakini inayovunjika ni ile iliyoamua kuishi kana kwamba mshahara haujakatika. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Usiendelee kumfichia. Nitakuonyesha jinsi ya kuifungua siri hii bila kumvua mtu nguo sokoni.

Fikiria jirani yako akifiwa. Hakuna anayeuliza afanye nini. Turubai linafungwa, wanawake wanaleta masufuria, wanaume wanalala nje, daftari la rambirambi linazunguka, na kwa siku kadhaa mfiwa haachwi peke yake hata kidogo. Mtu akifukuzwa kazi hakuna turubai. Amepoteza kilichomlisha kwa miaka 14, kilichomfanya aitwe "mzee wa gari la halmashauri" pale mtaani, kilichompa sababu ya kunyoa ndevu asubuhi, na hakuna hata mmoja wa kumwambia pole kwa sababu hakuna anayejua. Na anayejua anakaa mbali, anaogopa kuombwa pesa au kuhusishwa. Mumeo yuko msibani peke yake. Wewe pia uko msibani, chumba cha pili.

Hiyo safari yake ya saa kumi na mbili na nusu si kichaa wala si dharau kwako. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kundi la watafiti, akiwemo mwanamke aitwaye Marie Jahoda, walikwenda kijiji cha Marienthal nchini Austria ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima hakina kazi. Walisimama mahali wakiwa na saa, wakapima jinsi watu wanavyotembea barabarani. Wanaume walitembea polepole, wakisimama kila mara, hawana wanapowahi. Wanawake walipita haraka, kwa sababu kazi zao za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Hata vitabu vya maktaba, wakati sasa muda wa kusoma ulikuwa tele, viliazimwa kwa uchache kuliko zamani. Kazi huipa siku ya mtu umbo lake. Mumeo anajaribu kushikilia umbo hilo kwa mikono mitupu. Mmoja wa niliokaa nao alikuwa akienda stendi ya mabasi kila siku na gazeti moja, analikunja na kulikunjua mpaka wino umehamia vidoleni. Mwanawe wa darasa la sita alimwona siku shule ilipotoka mapema. Alinyamaza wiki nzima, akashindwa kula, akapelekwa zahanati kupimwa malaria. Mtoto yule alidhani baba ana mwanamke pale stendi.

Kwa sababu hiyo nataka mwanzo uwe watoto, na uwe wiki hii. Watoto huona. Wameshaona hampiki tena nyama Jumapili, wameshaona mnalala bila kuongea, na wanatunga sababu zao. Mkae wote watano baada ya chakula cha jioni, si asubuhi watu wanapokimbilia shule. Aseme yeye, siyo wewe. Maneno yawe machache: "Baba ameondolewa kazini. Kuna kosa nililifanya nilipoajiriwa, karatasi niliyotumia haikuwa yangu. Si kosa la mama, si kosa lenu. Pesa itapungua na kuna mambo tutabadilisha, lakini mtaendelea kusoma." Mdogo aambiwe kwamba baba hana kazi kwa sasa, inamtosha. Mkubwa anaweza kukasirika na kuuliza "mbona ulitufundisha kusema kweli?" Akiuliza, msimkaripie. Baba ajibu tu kwamba alikosea. Jambo moja msiwafanyie: msiwaambie walitunze kama siri. Waambieni, "Ukiulizwa, sema baba ameacha kazi ya halmashauri." Hiyo ni kweli, ni fupi, na mtoto anaweza kuibeba shuleni bila kuona aibu.

Kama atakataa kusema, usiseme kwa niaba yake siku hiyohiyo. Mpe siku moja iliyotajwa, tuseme Jumamosi, mwambie kwamba ikipita utawaambia wewe. Kisha ufanye hivyo kweli.

Baada ya watoto, tafuta mtu mzima mmoja upande wake, mjomba au kaka ambaye akizungumza mumeo husikiliza. Huyo ndiye atakayekwenda kwa mama mkwe. Habari ya namna hii ikitoka kinywani mwako wewe mke, kule kijijini itageuzwa kabla jua halijazama: mke amemloga, mke anafuja, mke anataka kumwacha. Ikitoka kwa kaka yake itabaki ni habari ya mtoto wao. Na hao ndugu wanajua mengi kuhusu cheti hicho kuliko wewe. Binamu mwenye jina lake yupo, na walikaa kimya wote wakati pesa ya mwisho wa mwezi inaingia. Sasa wakae pamoja waamue mama atasaidiwa vipi. Mzigo aliokuwa anaubeba mmoja ugawanywe, hata kila mtu akitoa elfu kumi.

Majirani hawana haki ya maelezo. Jibu ni lile la watoto. Ila mwenye nyumba ni habari nyingine, nitarudi kwake.

Sasa hasira yako. Mwanangu, hukosei. Umeniuliza kana kwamba huruma na hasira haziwezi kukaa ndani ya mwanamke mmoja, na mimi nakwambia zitakaa, kwa muda mrefu. Una madai mawili tofauti kwake na umeyafunga kwenye kitambaa kimoja. La kwanza ni kwamba kazi imepotea. Hilo limewapata wote wawili, na katika hilo anastahili pole yako. La pili ni kwamba ulilala na mtu miaka yote hiyo bila kuambiwa jina lake la kuzaliwa lilikwenda wapi. Hilo amekutenda wewe, na pole haitalifuta. Ukiyachanganya, kila ukitaka kumliwaza unajiona mjinga, na kila ukitaka kumgombeza unajiona katili. Ndiyo maana usiku hamuongei.

Yatenge. Mwambie waziwazi: "Kuhusu kazi, niko na wewe. Kuhusu kunificha, nina maumivu, na tutalizungumza, lakini siyo sasa hivi." Kisha lizungumzwe kweli, miezi miwili mitatu ijayo akishaanza kupata usingizi, mbele ya mtu mnayemheshimu: mchungaji, shehe, au wasimamizi wenu wa ndoa kama bado wako karibu. Pale utamwuliza maswali yote. Aliogopa nini? Nani mwingine alijua? Siku ya harusi, jina lilipotajwa, alifikiri nini? Una haki ya majibu. Usichofanya ni kumdondoshea maneno madogo madogo kila siku, kwenye chai, mbele ya mtoto, "muulize baba yako mwenye cheti." Maneno hayo nimeona yanavyobaki. Mtu anaweza kusamehe kufukuzwa kazi akashindwa kusahau alichoambiwa jikoni.

Na umesema unajiogopa. Kama unamaanisha kwamba mkono wako au wake unaweza kunyanyuka, toka chumbani, nenda kwa jirani au kwa dada yako ukalale, na kama amekwisha kukupiga nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Huzuni haimpi mtu ruhusa hiyo.

Kuna dalili nyingine ya kutazama kwa macho mawili. Akianza kugawa vitu vyake, akisema "mtakuwa na nafuu bila mimi", akiulizia deni la benki linakuwaje mtu akifa, au akiwa ghafla mtulivu baada ya wiki za kuhangaika, usingoje. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo, linamfungulia mdomo. Usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani na dawa ndani ya nyumba, umpeleke hospitali. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina wahudumu wa afya ya akili. Najua afisa ustawi wa halmashauri ni mtu aliyekuwa akimwendesha kwenye gari, hatataka kumwona. Si lazima awe huyo.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa najua ndizo zinazokuamsha saa tisa usiku. Benki kwanza. Mkopo wake ulikuwa unakatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi, kwa hiyo mwezi huu hakuna kilichokatwa na benki tayari wanajua kuna jambo. Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa mbovu, na taarifa hiyo inaweza kumfuata kwenye benki nyingine. Nendeni wote wawili kabla ya hapo, na barua mkononi, mkaombe marejesho yapangwe upya, kiasi kidogo kwa muda mrefu zaidi. Mwulizeni afisa mikopo kuhusu bima ya mkopo ule inafidia nini. Mara nyingi aliyefukuzwa kwa kosa hafidiwi, lakini jibu mlipate kwa maandishi. Angalieni pia kama jina lako lipo mahali kama mdhamini au kama mlisaini fenicha ziwe dhamana.

Pengo lisizibwe na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Nakuomba sana. Wanawake wenye genge kama wewe ndio wanaowatafuta, wanakuja na laki mbili asubuhi na daftari jioni, na mwezi wa pili wanabeba friji. Genge lako na vitenge sasa ndiyo mshahara wa nyumba. Mtaji wake usiguswe kulipia deni la mume. Kama upo kwenye kikoba, waambie viongozi hali imebadilika, upunguze hisa kuliko kukwama katikati.

Michango yake ya pensheni ifuatilieni ofisi ya mkoa ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 15. Mwaka 2022 Rais Samia aliridhia walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warejeshewe ile sehemu waliyokatwa wao wenyewe, na malipo yakapangwa kuanza tarehe 1 Novemba mwaka huo. Agizo lile liliwahusu wale wa uhakiki uliopita, kwa hiyo msipige hesabu kwa pesa ambayo haijathibitishwa. Nendeni na barua, namba ya uanachama na kitambulisho, mwulize kesi yake inaingia wapi. Ikipatikana, isikimbilie kununua bodaboda wiki hiyohiyo kwa sababu shemeji amesema inalipa. Iwekwe, mlipe kodi ya nyumba, mkae nayo miezi mitatu.

Mwenye nyumba: wengi wenu mnalipa miezi sita kwa mkupuo. Angalia mkataba unaisha lini, ukamwone mwezi mmoja kabla uombe kulipa kila mwezi. Akikataa, ni afadhali kuhama mapema kwenye vyumba viwili kuliko kutolewa vyombo nje. Na kama watoto wako shule ya kulipia, wamalize muhula, kisha wahamie shule ya Serikali ambako ada haitozwi. Wahame wote mwanzoni mwa mwaka na siyo mmojammoja katikati, ili asiwepo anayejiona ndiye aliyetolewa sadaka.

Mumeo mwenyewe bado ana leseni. Kama ina jina lake la kuzaliwa, kesho anaweza kuendesha daladala, lori la mchanga au gari ya shule. Kama ina jina la binamu, basi hata leseni, kitambulisho cha NIDA na laini za simu vinahitaji ushauri wa yule mwanasheria kabla hajaomba kazi nyingine. Kwa sasa mpeni kazi ya kweli ndani ya siku. Aende sokoni alfajiri kuchukua mboga za genge badala yako. Anajua barabara, anajua kupanga bei na wapagazi, na ataondoka nyumbani saa kumi na moja akiwa na pa kwenda. Usimpe kama adhabu wala kama huruma. Mwambie unamhitaji, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kuhusu jina la watoto, usikurupuke. Binamu ni ndugu yao wa damu, jina lake halijawadhuru, na mtoto aliyesajiliwa kwa mtihani akibadilishiwa jina katikati anaweza kukutana na usumbufu uleule wa cheti uliomwangusha baba yake. Kusanya vyeti vyao vya kuzaliwa, nenda RITA, wanaosajili vizazi na vifo, uulize taratibu za kurekebisha taarifa za baba na gharama zake, halafu mwulize mwalimu mkuu nani ameshasajiliwa wapi. Mkubwa wako, kama amefika sekondari, aulizwe yeye mwenyewe anataka kuitwa nani.